Jibu la Marehemu

Alikuwa mtu anayechoka mapema. Saa mbili na nusu asubuhi, sisi tukiwa bado tunanukia sabuni, yeye alikuwa tayari ametoka kufundisha shule nyingine upande wa pili wa mji, viatu vyake vimeshika udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Aliketi, akavua kofia, akalivisha fuvu la plastiki lililokaa mezani, akatutazama kitambo kama mtu anayetazama mzigo asiokumbuka alimwahidi nani kuubeba. Kisha akasema, "Kale. Mwili." Kale, kwa Kiganda, ni haya basi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake, na somo lilikuwa limeanza.

Kilikuwa chuo kidogo cha wauguzi, mtaa wa Kansanga, Kampala, ghorofani juu ya duka la magodoro. Mara nyingi alipofika kwenye mapigo ya moyo, vijana wa chini walikuwa wakipiga magodoro kuyatoa vumbi. Alinyamaza, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huyo naye ana presha," akasema, akaendelea.

Sisi Wakenya tulimwita Mwalimu. Waganda walimwita Musomesa. Wakongo, waliokuwa karibu nusu ya darasa, walimwita Profesa, naye alikataa kila mara. "Profesa analala mchana," alisema. "Mimi nalala nikisimama."

Habari zake nyingi ni za kucheka. Lakini moja kati ya hizo nusura imfukuzishe chuoni msichana niliyekaa naye dawati moja, Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu, na mzee akajitwika jambo ili hilo lisitokee. Jambo lenyewe sikulielewa kwa miaka. Kwa hiyo nikimcheka, nacheka kwa uangalifu.

*

Kiswahili chake alikiokota barabarani, kwenye vizuizi vya askari, zamani za vita. Kwa Waganda wa rika lake hiyo ilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. "Maneno yangu ya kwanza," alituambia siku moja bila kuulizwa, "ni rara chini. Ya pili, toa kitamburisho. Ya tatu, kimbia. Hiyo ya tatu nilijua vizuri sana."

Chuo kilitaka tufundishwe kwa Kiingereza. Lakini Wakongo walisoma kwao kwa Kifaransa, na kila sentensi ndefu ya Kiingereza ilipokwisha, nyuso zao zilibaki kama madirisha yaliyofungwa. Hapo mzee alishusha pumzi, akafuta ubao, akaanza upya kwa Kiswahili chake kilichovunjika, l na r zikibadilishana viti: urimi, damu inakuja kuria, mtu anarara. Aliwafundisha moyo kwa lugha ambayo alipigwa nayo mateke.

Nakato, Muganda mwenzetu mwenye ulimi mwepesi, alilalamika. "Musomesa, banange, hapa si Buganda? Kiswahili cha nini? Hiyo si ya wanajeshi?"

"Nnyabo, mama," akamjibu, "wanajeshi walikula kuku yangu, walichukua baiskeri yangu. Hii lugha ndiyo kitu moja waliniachia. Acha nitumie."

Kulikuwa na neno moja lililowashinda Wakongo kuvumilia. Mzee alipenda kufupisha ubongo akauita bongo, na kwa Kiswahili cha Bukavu bongo ni uongo. "Leo tunasoma bongo," alitangaza kwa sauti ya uchovu, na benchi zima la nyuma likaanguka kicheko. "Bongo ni kitu kubwa. Bongo ndiyo inatawala mtu." Wakafuta machozi. Alipoelezwa maana yake alifikiri kidogo, akasema, "Basi hamjakosea sana," na hakuacha kulitumia.

Mifupa yetu ilikuwa ya plastiki, na sababu yake niliisikia kwa watu wengine. Vita vilipokwisha, yeye akiwa mwalimu kijana, mtu mmoja alileta gunia la mifupa kwenye shule aliyofundisha. Shule haikuwa na kiunzi cha mifupa cha kufundishia, na mashamba ya kaskazini mwa mji yalikuwa yamejaa mifupa ya waliouawa vitani. Mtu yule alidhani anasaidia. Wanasema mzee hakupandisha sauti. Alifunga lile gunia kwa kamba yake mwenyewe, akamwambia, "Hizi zina wenyewe." Darasani hakuwahi kulitaja, ila ole wako ulitie fuvu la plastiki sigara mdomoni.

*

"Kwanza sema kitu iko wapi. Kazi yake baadaye." Hilo alilirudia mpaka tukaliota. Ukianza kusema figo huchuja damu, alikunja uso kama mwenye kichomi. "Hiyo figo umeiweka wapi? Kwa mfuko?" Aliamini kwamba makosa mengi duniani yanatokana na watu kujua kazi ya kitu kabla ya kujua mahali kilipo.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu tumjue. Tulipofika kwenye mishipa ya limfu, ile mifereji myembamba inayokusanya maji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu, alikunja suruali, akaupandisha mguu juu ya kiti. "Mbonyeze." Tulipita mmoja mmoja. Kidole gumba kilizama, na kilipoinuka shimo lilibaki pale, likijaa polepole, kama nyayo kwenye tope la mtaa wa Bwaise. "Mifereji yangu imechoka," alisema. "Haijafa. Imechoka. Mwuguzi lazima ajue tofauti."

Huyo huyo aliyetufundisha chumvi inavyoharibu mishipa alikula mihogo ya kukaanga kila mchana, akaimwagia chumvi mpaka ikawa nyeupe. Alituhimiza kwenda hospitali mapema, yeye mwenyewe hakwenda. Alikuwa Mprotestanti wa kukaa benchi la nyuma, na aliposikia mtu anasema mwili wa binadamu ni maajabu aliguna: "Ni kazi ya haraka. Angalia mgongo."

Lakini jambo lililomtofautisha na waalimu wote niliowahi kuwajua ni hili: hakutulia na kitabu. Baba yangu alikuwa na kibanda cha intaneti na vifaa vya ofisi karibu na soko, na kila Jumamosi mzee aliingia humo, akaketi kati ya vijana waliokuwa wakitazama mpira, akafungua kurasa ambamo waalimu wa anatomia wa nchi za mbali huelezana mambo mapya yaliyogunduliwa mwilini. Alisoma akiwa ameinama, midomo ikichezacheza. Safari nyingine alikaa tu na kuitazama picha moja mpaka muda wake ukaisha.

"Mwalimu," baba alimtania, "wameona mfupa mpya leo?"

"Mfupa bado, bwana. Lakini wameona mapafu yanatengeneza chembe za kugandisha damu. Kwa panya."

"Mapafu? Si ya kupumua?"

"Ndiyo hivyo. Na sisi tulidhani hayana kazi ingine." Akasugua macho. "Mimi nimefundisha miaka yote hii kitu nusu."

Hakusema kwa furaha. Watu wakisimulia habari za ugunduzi huzungumza kama wageni wa arusi. Yeye alizipokea kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba aliyojenga kwa mikono yake ina ukuta uliopinda. Kila jambo jipya lilikuwa na maana moja kwake: kuna wauguzi huko nje, mamia, Gulu, Mbarara, Goma, wanaotembea wakiwa na jibu bovu alilowapa yeye.

*

Nadhani ndiyo maana alianzisha mazishi.

Hapa Kampala redio hutangaza vifo. Jioni, watu wakimenya ndizi za matooke, hunyamaza kusikiliza nani kafa, nani anaarifiwa, mazishi ni saa ngapi. Mzee alikuwa na sauti hasa ya watangazaji wale, nzito, isiyo na haraka. Jambo la kitabuni lilipothibitika kuwa si kweli, alilitangazia kifo. Maneno aliyaandaa mapema, na Jumamosi aliniuliza kama Kiswahili chake kimenyooka, kwa sababu hakutaka kuzika kwa lugha mbovu.

La kwanza nililoshuhudia lilikuwa la ulimi. Vitabu vyetu vilikuwa na ile ramani: utamu kwenye ncha, chumvi na ukali pembeni, uchungu nyuma. Siku hiyo alikuja na mfuko wa katunkuma, zile bilinganya ndogo za porini ambazo wazee huzila kwa ajili ya presha, chungu kuliko klorokwini. Akaziponda, akapita na kijiti, akamgusa kila mmoja kwenye ncha ya ulimi.

"Uchungu uko wapi?"

"Kwa ncha!" Nakato akapiga kelele, akitafuta maji. "Musomesa, umetuua!"

"Kitabu inasema uko nyuma."

"Kitabu hakijakula katunkuma!"

Mzee akasimama wima, akaweka kofia kifuani. "Familia ya Ladha," akasema kwa sauti ya redio, "inasikitika kutangaza kifo cha Ramani ya Ulimi, iliyofariki baada ya kuugua kwa muda mrefu vitabuni. Habari ziwafikie Ncha, Kingo na Shina la Ulimi, popote walipo. Mazishi ni leo, ubaoni."

Aliichora ile ramani, akaizungushia sanduku, akaifuta. Lakini kwa Waganda mtu hajaondoka kabisa mpaka ifanywe sherehe ya kumaliza msiba, mrithi asimikwe mbele ya ukoo, avishwe gome la mti, apewe mkuki. Musika, wanamwita. Kwa hiyo mzee alichora ulimi mwingine, wenye vinundu vinavyoonja kila ladha popote vilipo, akauchorea mkuki mdogo pembeni. "Huyu ndiye musika. Mmwone. Mmsalimie."

Tukausalimia ulimi.

Baadaye alikuja kidole tumbo, kile kiambatisho cha utumbo ambacho kitabu kilisema hakina kazi, na sasa wataalamu wanadhani huwahifadhi vijidudu wema wa tumbo wakati wa kuhara. Kisha siku moja akaja kifo kikubwa. Tulikuwa tumefundishwa, naye pia alifundishwa, kwamba mifereji ya limfu iko kila mahali isipokuwa kwenye ubongo na utando wake. Sasa ilikuwa imeonekana: kwenye utando ule wa nje, kwanza kwa panya, halafu kwa watu. Ilikuwa pale siku zote. Watu walioshika visu vikali na darubini walikuwa wameipita bila kuiona.

Siku hiyo alilisoma tangazo bila sauti ya redio. Alimchora musika polepole kuliko kawaida, na alipomaliza alibaki ametazama ubao akiwa ametugeuzia mgongo.

"Miaka yote," alisema. "Nimeshika kichwa cha watu wangapi."

Kisha akageuka kutukumbusha ile kanuni tuliyoijua. Mtaala haukuwa umebadilika, na watungaji wa mtihani husoma mtaala. "Marehemu bado ana nyumba kwenye mtihani. Mkiingia mtihanini, laleni kwa marehemu. Mkitoka, hamieni kwa musika. Wodini msimlete marehemu. Mmesikia?"

Tulisikia. Furaha aliyeketi kando yangu hakuandika chochote. Alikuwa amekunja uso.

"Dada," akaniuliza kwa sauti ndogo, "sasa miye niandike bongo, na najua ni bongo?"

"Andika tu, upite."

"Mungu iko naona," akasema.

*

Nieleze Furaha alikuwa nani, ili ieleweke. Wazazi wake walibaki upande ule wa mpaka, ardhini. Alilea wadogo zake wawili katika chumba kimoja, na kanisa moja la walokole lilimsomesha kwa sharti kwamba asirudie mwaka. Hakuwa mtu wa mzaha. Alicheka mambo ya bongo na wenzake, lakini mazishi ya mzee aliyachukua kama mazishi.

Mtihani wa taifa ulitahadharisha kwa herufi kubwa: mtahiniwa asiandike jina, salamu wala alama yoyote ya kumtambulisha. Sababu ilijulikana na kila mtu. Palikuwa na wasahihishaji waliosemekana kupangana na shule, wakisubiri ishara kwenye karatasi ili wajue ni ya nani.

Maswali matatu yalitaka marehemu. Furaha aliyajibu yote matatu kama mtaala unavyotaka. Na mwishoni mwa kila jibu, kwa mwandiko wake mzuri wa Kibelgiji, akaongeza neno moja la Kiswahili: marehemu.

Karatasi ikazuiwa. Tuliambiwa msahihishaji ameona ishara ya siri. Adhabu ya udanganyifu ilikuwa kufutwa matokeo yote na kufungiwa mitihani, na kwa Furaha hiyo ilimaanisha kanisa kumwacha, na uuguzi kwisha.

"Kwa nini, Furaha?" nilimuuliza. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la magodoro, mikono mapajani.

"Nilitii Profesa. Nililala kwa marehemu. Lakini juu ya vile sikutaka Mungu afikiri nadanganya, nikaandika ni marehemu. Ni kosa?"

Mzee alisimama mbele yetu na kofia yake mkononi. Alizeeka nikimtazama. "Si kosa lako," alisema. "Twende."

*

Ofisi ilikuwa juu ya jengo moja mjini, korido yenye benchi. Karani alituambia mzee ataingia kwanza, kisha mtahiniwa ataitwa. Furaha alikuwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Mlango haukufungika vizuri, tukasikia.

Walikuwa watu watatu: mwenyekiti mwenye sauti ya kukwaruza, mwanamume mwingine aliyekohoa tu, na mama mmoja mwenye miwani niliyemwona mlango ulipofunguka.

"Mzee, neno hili ni la nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni langu, ssebo," alijibu mzee, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Lina maana gani?"

"Mtu aliyekufa. Kwa heshima."

"Nani kafa?"

"Jibu, ssebo. Jibu ndiyo imekufa," alisema mzee.

Mmoja alicheka, akajikohoza.

"Sikiliza, mzee. Sisi si watoto. Mtahiniwa anaandika: ubongo na utando wake havina mishipa ya limfu, marehemu. Ncha ya ulimi ni ya utamu, marehemu. Anamwambia nini msahihishaji? Huyu ni wetu, mpe alama?"

"Hapana. Ni mchezo wa darasa langu. Tunazika majibu ya zamani."

"Ya zamani." Kiti kikalia. "Majibu ya mtaala wetu?"

Hata mimi niliyekuwa mjinga wa mambo ya ofisi niliona shimo lilipo. Akisema ndiyo, mtaala umekosea, basi msichana ameutukana mtihani wa taifa kwa kufundishwa, na hakuna atakayemhurumia. Akisema hapana, basi ni upuuzi tu wa mzee aliyechoka, na upuuzi husamehewa.

"Nakuuliza wewe, mwalimu. Hii mishipa ya limfu, iko kwenye utando wa ubongo au haiko?"

Chini barabarani pikipiki zilipiga honi. Nilisubiri ile sauti ya redio. Nilimwombea aitoe. Nilitaka, kwa joto lote la umri wangu, asimame aseme kwa lugha yoyote kwamba iko.

"Haiko," alisema mzee.

"Kwa hiyo mtaala uko sawa."

"Mtaala uko sawa, ssebo. Watoto wanachoka mchana, mimi nikawachekesha. Msichana ni mgeni, hakuelewa mzaha."

Furaha aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. "Anasema bongo," akanong'ona.

Kisha sauti za ndani zikashuka, hatukusikia tena. Furaha hakuitwa. Mlango ulifunguka, mzee akatoka, akavaa kofia, akatuambia twende nyumbani kwa sababu mvua inakuja. Wiki iliyofuata karatasi ya Furaha ilipewa alama zake, pamoja na onyo, na chuo kikapokea agizo kwamba yule mwalimu asifundishe kitu chochote kisichomo kwenye mtaala.

Akatii. Hilo ndilo lililotushangaza. Alifika, akavisha fuvu kofia, akasema "Kale. Mwili," akafundisha kitabu kama kilivyo, ukurasa kwa ukurasa. Nakato alimchokoza, "Musomesa, leo hakuna msiba?" naye akajibu, "Wote wazima." Jumamosi hakuja tena kibandani kwa baba. Tulimwona akipita ng'ambo ya barabara na mwavuli wake, mguu ukiburuta, bila kugeuza kichwa. Hakuna aliyemkataza kusoma. Alijikataza mwenyewe, kama mtu anayeacha pombe.

Mimi nilimaliza mwaka ule, nikaacha uuguzi, nikabaki na hasira juu yake kwa muda mrefu. Ilikuwa hasira ya mtu ambaye hakuwa na wadogo wa kulisha.

*

Furaha alinipigia simu miaka mingi baadaye. Alikuwa mwuguzi kwenye zahanati moja upande wa Port Bell, na sasa chuo fulani kilikuwa kimemwomba afundishe somo la mwili. "Dada, unisindikize kwa Profesa," alisema. "Kuna neno nataka kumuuliza, na peke yangu nitalia."

Mzee alikuwa akiishi Bwaise, chumba chenye kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali kuzuia maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na majirani walikuwa wakichota tope kwa mabeseni bila kusemezana, kama kazi ya kila siku. Tulimkuta ameketi juu ya kile kizingiti, miguu yote miwili sasa imevimba. Alitujua mara moja. Salamu za Kiganda zilichukua muda wao, akauliza habari za nyumba, za watoto, za kazi, mpaka kila mmoja alipokwisha kushukuru na kushukuriwa.

Furaha alipiga magoti kwenye saruji yenye unyevu, kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimu wakubwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa mwanafunzi. "Profesa, nilikuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Neno lile. Uliacha vitu vyako vyote juu yangu."

"Inuka, utachafua nguo." Alingoja mpaka akaketi kwenye kigoda. "Si wewe ulinichosha. Nitawaambia nani alinichosha." Akatazama watu na mabeseni yao. "Siku ile mlitangulia kushuka. Mimi na mguu wangu nilibaki kwenye ngazi. Yule mama wa miwani akanifuata. Akanishika mkono, hivi. Akasema, mzee, hata mimi nimeisoma ile habari ya mishipa. Imenifurahisha sana." Akarudia: "Imenifurahisha sana. Halafu akarudi juu."

"Kama angekuwa hajui, ningeendelea," mzee alisema. "Mtu asiyejua, unamfundisha. Lakini sisi tulikuwa wawili kwenye chumba tunajua, na chumba kikasema haiko. Nikafika nyumbani, nikafungua vitabu, nikaona usingizi."

Mtoto wa jirani alipita na kandambili mkononi. Furaha alikuwa akizungusha pete yake kidoleni, akizungusha tena.

"Wamenipa darasa," alisema mwisho. "Mtaala wao ungali vilevile. Wanafunzi watanitazama mdomo. Nifundishe gani, Profesa? Ile yako, ao ile yao?"

Nilimtazama mzee nikitaka jibu kuliko Furaha alivyolitaka. Alipapasa goti lake kama anatafuta mahali kitu kilipo.

"Siku ile," akamwambia, "kama wangekuita ndani wakuulize kama iko au haiko, wewe ungesema nini?"

Furaha hakufikiri hata kidogo. "Ningesema iko."

"Na wangekufukuza."

"Wangenifukuza. Lakini iko."

Mzee akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu tufike uso wake ukalegea.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana niliwaomba wasikuite."